Kikaratasi cha Njano

Kila Jumamosi asubuhi, Mbuke binti Ngassa alishika fimbo na kufungua zizi. Nyumba yao na ya jirani yao, mzee Makoye, zilichunga ng'ombe pamoja kwa zamu, na Jumamosi ilikuwa zamu ya Mbuke, kwa kuwa siku nyingine alikuwa darasani. Ng'ombe walimzoea, hata wale wakaidi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka 1978, siku chache baada ya mvua ya ghafla, maksai watatu wa Makoye walianguka njiani wakirudi nyumbani. Walitweta kidogo, wakafa. Wa Ngassa hakufa hata mmoja. Basi hapo maneno yakaanza! Wazee hao wawili walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, na penye birika la kunyweshea kulionekana kopo la zamani la dawa ya kuulia wadudu wa pamba, ambalo Mbuke alitekea maji.

"Baba yake kamtuma!" Makoye alifoka. "Wamenimalizia maksai wa kulimia!"

Polisi walimwuliza Mbuke kama aliwaacha ng'ombe.

"Sikuondoka mbugani hata kidogo," alijibu, akimtazama baba yake kwa hofu. Huo ulikuwa uongo.

Mwezi uliofuata kesi ilisikilizwa mjini Shinyanga, katika chumba kidogo, maana mshtakiwa alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Akipatikana na hatia, angepelekwa shule ya maadilisho, mbali na kwao. Daktari wa mifugo, Bwana Sabiti, akaitwa kutoa ushahidi.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "niliwapasua maksai wale, nikakuta tumboni majani machanga ya mtama. Mkemia wa serikali naye hakuona dawa ya pamba. Mtama unaochipua baada ya ukame huweza kuwa na sumu inayoua ng'ombe upesi. Lakini binti anasema hawakutoka mbugani, na mbugani hakuna mtama. Hapo nimekwama."

Akamgeukia Mbuke kwa upole. "Binti yangu, mimi najua yaliyomo tumboni mwa ng'ombe tu. Njia waliyopita unaijua wewe."

Mbuke alimtupia baba yake jicho. Fimbo ya baba yake aliijua vizuri.

"Niliwaacha," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikwenda kuokota ukwaju. Niliporudi, maksai wa mzee Makoye walikuwa wametangulia kwenye shamba la mtama la jirani yetu mwingine, Maige, lililokwisha kuvunwa, wanakula vichipukizi. Wetu niliwahi kuwazuia."

Ngassa aliinamisha kichwa. Hakimu akaahirisha kesi hadi kesho yake, Ijumaa, ili daktari aende na polisi kwenye shamba hilo.

Ijumaa hiyo Bwana Sabiti alirudi mahakamani na vichipukizi vya mtama kutoka shambani kwa Maige. Alivisaga, akavitia ndani ya chupa yenye maji kidogo, akaning'iniza ndani yake kikaratasi cha njano chenye dawa ya kupimia sumu hiyo na kuifunga. Kisha akaikumbatia kwa viganja ili ipate joto. Polepole kikaratasi kikageuka chekundu kama tofali.

"Sumu yenyewe ndiyo hii," alisema daktari.

Hakimu akatamka kwamba Mbuke hana hatia.

Nje, Ngassa aliishika mikono ya daktari, akalia bila kuona haya. "Wabeja, daktari, wabeja sana! Asante! Umeniokolea mwanangu."

"Mshukuru na yeye," daktari alijibu. "Mbuke, utaalamu wangu ungeishia tumboni mwa ng'ombe kama ungeendelea kuficha. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, ili wanaojua wapate pa kuanzia kukusaidia."

"Nimesikia, daktari. Asante sana." Kisha Mbuke akapiga goti mbele ya Makoye. "Nisamehe, mzee wangu. Sumu sikuwapa, lakini kuwaacha niliwaacha."

Makoye alikohoa, akatazama chini. "Nami nilikusingizia, mwanangu. Nisamehe." Kisha akainua uso. "Leo si Ijumaa?"

"Ndiyo, mzee."

Makoye akampa fimbo yake mwenyewe. "Basi kesho ni zamu yako."