Rimoti ya Tatu Msumarini

Aliyekaa karibu na mlango aurudishie kwanza, ndipo nianze. Hii ninayowaambia ilimpata mtu mwema kabisa, na wema ndio huwapata.

Bi Kalsom alikuwa amekaa sebuleni, alasiri, mvua ya mji wa Taiping ndiyo kwanza inajikusanya kule mlimani. Anakata dagaa vichwa kwenye ungo. Rimoti yake iko mapajani, juu ya kikoi. Mara kile kisanduku cha alamu pale ukutani kikalia: tit-tit.

Mlio mmoja, kimewashwa. Miwili, kimezimwa. Na yeye hakugusa kitu, vidole vyote vimejaa dagaa.

"Betri hiyo," akasema kwa sauti. Siku hizi alikuwa akisema peke yake, maana asiposema yeye, nani mwingine? Mumewe, Haji Zabidi, alikuwa na miezi minane kaburini. Mtoto wao mmoja tu, Fauzan, yuko Singapuri na mkewe, anapiga simu Jumapili: "Mama umekula? Umemeza dawa? Haya mama, niko njiani," na simu inakatika.

Ile alamu ilikuwa ya Haji. Aliiweka mwenyewe miaka kumi na miwili nyuma, nyaya akazifukia ndani ya kuta, na sharti akaliweka juu yake: ikifika alasiri, washa. Usizime mpaka nirudi kutoka msikitini, hata kama wewe umo ndani. Bi Kalsom hakuuliza. Mtu umeishi naye miaka arobaini na moja, huulizi kila jambo. Alidhani ni wezi, kwamba wanapenda ile saa ya watu kujinyoosha.

Lakini alipobaki peke yake vile vitufe vya namba vikamshinda. Macho yana ukungu, vidole vimekaza, na kisanduku hakina subira. Hujamaliza namba, king'ora hicho, mtaa mzima unatoka na mataulo.

"Som!" anapiga kelele Bi Rokiah, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Hilo jogoo lako la umeme lichinje basi, tule!"

"Njoo ulichinje wewe, kisu si unacho mdomoni!"

Wanacheka. Na kicheko cha siku nzima kinakuwa hicho hicho.

Fauzan aliposikia habari akamtuma fundi, Seng, mtu mzima mwenye kitambi na mikono mepesi. "Hatung'oi kitu, Shangazi," Seng akamwambia. "Hiki cha zamani kizuri kuliko vya sasa. Tunakiongezea sikio tu, kisikie rimoti kutoka mbali. Wewe unakaa hapo kama malkia, unabonyeza." Akapanda ngazi, akakiunga kidude kidogo chenye waya mbili kama sharubu za kamba wa baharini. Akashuka, akamwonesha. "Kisanduku hakimtii mtu kisiyemjua. Nikibonyeza hapa kinatega sikio. Haya, wewe bonyeza yako. Umeona? Kishakujua. Namba moja."

Ya pili akaiandikisha, ya Fauzan akija sikukuu. Boksini ikabaki ya tatu, na Seng, mkono uliozoea kazi, akaiandikisha nayo.

"Hii ya nani sasa?"

Bi Kalsom akaichukua. Kando ya mlango palikuwa na msumari Haji alipotundika funguo zake. Tangu azikwe msumari mtupu, na kila akipita pale moyo unajikwaa. Akaitundika rimoti pale, na akasema kama alivyosema miaka yote, maana wake wa mtaa ule waume zao huwaita kaka: "Kaka, hii yako. Chukua."

Seng akaacha kukunja waya.

"Shangazi, usiseme hivyo. Sisi kwetu tukimpa marehemu kitu tunakichoma, kinamfikia, yamekwisha. Ukikitoa hivi hivi hewani, anakichukua aliye karibu."

"Aliye karibu ni mimi na wewe. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Basi. Maneno yenyewe ndiyo hayo.

Siku ya pili baada ya ule mlio wa kwanza, saa ile ile, tit-tit. Siku ya tatu Bi Kalsom akavaa miwani, akaweka kiti mbele ya kisanduku, maana kina kioo kidogo cha kuonesha namba ya aliyezima. Akangoja. Tit-tit. Kioo kikaandika tatu.

Akageuka kuitazama ile ya msumarini. Inabembea, na dirisha limefungwa.

Mngekuwa nyinyi mngekimbia. Yeye alilia kidogo, akajifuta, akaenda jikoni akateleka kahawa, akatoa vikombe viwili. "Umechelewa leo," akasema, na sauti ikamtoka laini kama ya mwari. Akamimina. Akahadithia kikohozi cha Rokiah, na ndizi iliyomwungulia, na Fauzan kwamba siku hizi hata hakohoi simuni, anakimbia tu. Sebule ikajaa harufu ya tumbaku iliyosokotwa kwa majani ya mnipa, mti mfano wa mnazi, ile aliyovuta Haji kabla daktari hajamkataza. Na kahawa ya kikombe cha pili ikashuka kidogo kidogo, kama inavyoshuka kwa mtu asiye na haraka.

Wiki mbili akawa na mwenziwe. Akapaka wanja. Kwa muuza ndizi za kukaanga akachukua fungu mara mbili ya lile la kawaida, na Rokiah akamwona.

"We Som, umepata bwana?"

"Nimepata."

"Ana meno?"

"Sijamwona bado."

Wakacheka, lakini Rokiah ndiye aliyenyamaza kwanza.

Halafu likaja la mayai. Asubuhi moja Bi Kalsom alivunja yai ukingoni mwa kikaango, likapasuka kama karatasi, ndani hamna kitu. La pili vile vile. Trei nzima, maganda mazima, hayana tundu hata la sindano, na ndani makavu kama yamelambwa.

Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, na hapo ndipo lilipomjia jambo lingine. Haji hakuwahi kuingia nyumba ile bila salamu. Hata akiwa amenuna. Hata nyumba ikiwa tupu, alisimama kizingitini akaisalimia nyumba. Na huyu, wiki mbili, hajatoa salamu hata ya kunong'ona.

Alasiri hiyo hakuweka kahawa. Ile iliyobaki ya asubuhi ilikuwa mezani, kwenye kikombe cha mgeni. Mvua ikaanza, tit-tit ikalia, naye akiwa amejikumbatia mikono kifuani akaona kitu ambacho siku zote hakukitazama, kwamba pale kisandukuni taa ndogo ya mlango wa mbele haikuwaka, maana yake hakuna aliyeingia kutoka nje, ila ile taa nyekundu ya chumba cha nyuma, chumba cha mama mkwe wake kilichofungwa tangu afe, ikawaka, ikazima, ikawaka tena, kama mtu mzima anayeinuka kitandani, anashusha mguu, anapumzika, anashusha wa pili, kisha mbao za ukumbini zikaanza kulia, kwaa, kwaa, na harufu ya tumbaku ikatangulia mbele kama shela, na chini ya shela hilo kuna yai bichi, na udongo uliofukuliwa, na kitovu cha mtoto mchanga, ikaja, ikaja, mpaka nyuma ya kiti chake, ikasimama, ikamvutia pumzi utosini.

Hakugeuka. Mezani, ile kahawa baridi ikashuka.

Kulipokucha akawaita Rokiah na Seng. Seng akafungua kifuniko cha kisanduku, akatazama nyaya muda mrefu, akavua kofia.

"Shangazi, siku ile niliona nikanyamaza, nikasema mzee alikuwa na mambo yake. Tazama. Madirisha hayana waya hata mmoja. Mlango wa mbele mmoja tu. Zote hizi zinakwenda chumba cha nyuma. Mlangoni, darini, na jicho linalotazama kitanda. Mzee hakufunga hii kwa mwizi wa nje."

Rokiah akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Mamkwe wako," akanong'ona. "Na mtu wake."

Bi Kalsom alijua. Si alikuwepo. Mama mkwe wake alikuwa mkunga, watoto wa mtaa wote walipita mikononi mwake, na watu walisema ana mtu wa kurithi, asiye binadamu, anayemsaidia, anayelishwa mayai. Alipokuwa anakufa, alikufa siku tisa. Roho haitoki, mpaka wanaume wakapanda juu wakaondoa vigae viwili vya paa, ndipo ikapata njia. Na siku zote tisa mkono umenyooshwa kwa mwanawe: "Pokea, Zabidi. Pokea, mwanangu." Haji amefunga mikono mgongoni, machozi yanamchuruzika, hapokei. Kitu cha kurithiwa kikikosa mkono hakifi. Kinangoja. Mwaka ule ule ndio Haji aliponunua alamu.

"Na mimi nimekipa ufunguo," akasema Bi Kalsom. "Kwa mdomo wangu."

Wakamleta Mzee Deraman, mganga wa dua, kanzu imelowa hadi magotini. Alikuja na bakuli la maji, chupa tupu, ndimu saba na konzi ya pilipili manga. Akausikiliza mlango wa nyuma kwa sikio, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

"Mimi nitasoma," akamwambia. "Lakini kutoa umetoa wewe, kunyang'anya utanyang'anya wewe. Mara tatu: Hii si yako, na wewe si wangu. Ukisema zote tatu, namtoa, namtia chupani, nampeleka mlimani. Usiposema, mimi hapa ni mzee ninayepiga kelele."

"Na mashine?" akauliza Rokiah.

"Haijui kusahau mmoja," Seng akajibu, jasho linamtoka. "Nafuta wote, halafu naandikisha mbili tu."

Akafuta. Mzee Deraman akaanza kusoma, akitupa pilipili manga mlangoni punje baada ya punje. Bi Kalsom akaitoa rimoti msumarini. Ilikuwa na joto, na imelowa, kama imetoka kiganjani mwa mtu.

"Hii si yako, na wewe si wangu."

Ndani, kitanda kikalia.

"Hii si yako, na wewe si wangu."

Nyuma ya mlango mtu akakohoa. Kikohozi cha Haji kile, cha alfajiri, chenye mluzi mwishoni. Kisha sauti ya chini, ya uchovu, ikamwita kwa jina alilomwita mumewe peke yake duniani: "Mdogo wangu. Kahawa imepoa."

Alijua si yeye. Msinisikie vibaya, alijua. Lakini hapo hapo mvua ikamwagika juu ya bati la jikoni, hata mtu wa pembeni humsikii, na Mzee Deraman akaiona midomo ya Bi Kalsom ikifunguka na kufumbana, akasema, "Amina," akaendelea kusoma. Alipomaliza akafunga chupa kwa kitambaa cheupe, akaondoka nayo. Seng akaandikisha rimoti mbili, ile ya tatu akaivunja kwa nyundo, akaitupa mtaroni.

Langoni Rokiah akamshika mkono. "Som. La tatu ulisema?"

"Si uliniona nimefungua mdomo."

Nyumba ikatulia. Kila alasiri alibonyeza, kisanduku kinalia mara moja, basi. Taa nyekundu haikuwaka hata kidogo. Lakini mtu aliyeolewa na kuzeeka kwenye nyumba anajua kimya cha chumba kitupu na kimya cha chumba chenye mtu aliyekaa kwa adabu, anangoja kuitwa. Kilichokuwa mle hakikujongea, maana kikijongea king'ora kitalia, na ufunguo kimenyang'anywa.

Jumapili akakaa karibu na simu tangu asubuhi. Akakunja nguo, akazikunjua, akazikunja. Magharibi simu ikalia mara moja, ujumbe wa Fauzan: *Mama kazi nyingi, wiki ijayo inshallah.* Akautazama msumari. Mtupu.

Jumatatu, alasiri, mvua inanyesha. Bi Kalsom akateleka kahawa, vikombe viwili. Kwenye kisahani akaweka yai moja, bichi. Akakaa kwenye kiti chake, mgongo ameuelekeza ukumbini, rimoti yake mwenyewe mkononi, namba moja. Akakaa nayo mpaka kahawa ikaacha kutoa moshi.

"Najua wewe si yeye," akasema bila kugeuka. "Usinifanye mjinga, mimi mtu mzima. Lakini ukija kwangu, salamu utajifunza."

Akabonyeza. Tit-tit.

Taa nyekundu ikawaka. Mbao zikalia, kwaa, kwaa, zikaja mpaka nyuma ya kiti. Halafu, kwa sauti ya Haji, taratibu, kama mtoto anayesomeshwa herufi za kwanza: "Asa… asalaa…"

Hakikumaliza. Bi Kalsom akaitikia hivyo hivyo, akaunyoosha mkono wake nyuma ya kiti, kiganja juu, na ule mkono ukapokelewa.