Mguu wa Prudencia Haujambo?

Kila asubuhi, majirani wa Mkolani waliusalimu mguu wa Prudencia kabla ya kumsalimu Prudencia mwenyewe.

"Habari za mguu?" aliuliza muuza maandazi.

"Nzuri. Shikamoo, mama."

"Haujambo mguu?" aliuliza fundi baiskeli.

"Haujambo. Shikamoo, baba."

Ulikuwa mguu wa bandia, wenye unyayo wa kaboni unaonesa kama springi. Kwa mguu huo Prudencia alichaguliwa timu ya netiboli ya darasa la sita, na shuleni uliheshimiwa kuliko mwalimu wa zamu. Jumamosi wangecheza na shule ya Nyegezi.

Lakini kigutu chake, sehemu iliyobaki chini ya goti, kilikuwa kimepungua. Kikombe cha mguu wa bandia, kinachokishika, kikalegea. Ili kuziba nafasi, Prudencia akakivisha soksi ya pili, kisha ya tatu. Siku ya nne soksi zikatoka na damu. Akazifua kwa siri.

"Mwambie mama yako," Winnie, rafiki yake, alimsihi.

"Ili kliniki wauchukue mguu? Nikacheze kwa kurukaruka kama chura?"

"Chura ana minne. Wewe utabaki na mmoja."

Prudencia hakucheka.

Ijumaa mama alimpeleka kliniki kwa ukaguzi wa kawaida wa mguu. Bi Teodora, mtaalamu wa viungo bandia, alimtazama akitembea. Prudencia aliuma meno, jasho likimtiririka.

"Habari za mguu?"

"Nzuri," mdomo ukajibu kwa mazoea.

"Hiyo ni salamu, mwanangu. Mimi nimeuliza swali."

Prudencia aliiona Jumamosi ikiondoka bila yeye. Machozi yakamtoka.

"Unauma. Kuna kidonda."

"We Prudencia!" mama alishtuka, soksi tatu zilipovuliwa.

Bi Teodora alikagua kidonda taratibu. "Kingefika kwenye mfupa, tungezungumzia kukata tena."

Jumamosi Prudencia alikaa pembeni na magongo, akaishangilia timu yake mpaka sauti ikakauka. Walifungwa.

Kidonda kilipopona, Bi Teodora alizungusha kamera ndogo kwenye kigutu, na umbo lake likatokea kwenye kompyuta. Wiki iliyofuata kikombe kipya kilikuwa tayari. Prudencia alivaa soksi moja, akaruka mara mbili. Kikombe hakikucheza.

"Kamera hii inaona hata kovu dogo," alisema Bi Teodora, "lakini maumivu haiyaoni. Hayo uyaseme wewe, na uyaseme mapema."