Sauti Kumi na Saba

Simu iliuliza ruhusa mara mbili. Fundi simu alikuwa amesema itauliza mara moja tu, na alimwandikia mshonaji hivyo kwenye daftari: bonyeza kitufe cha kuongeza sauti, kubali, subiri. Mshonaji alibonyeza, akakubali, akasubiri. Kioo kikawa cheusi. Kisha maandishi madogo meupe yakarudi, safari hii kwa Kiswahili, lugha ambayo simu hiyo haikuwahi kuandika tangu inunuliwe.

Una hakika niingie?

Mshonaji huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu ya kazi yake na zaidi kwa sababu ya ulimi wake, hakupenda kuulizwa jambo mara mbili. "Nimeshasema ndiyo, au husikii?" aliiambia simu, akabonyeza tena.

Simu ilikuwa kuukuu. Kampuni iliyoitengeneza ilishaisahau, na sasa ilikuwa inaganda kama uji uliolala. Sindano angeitupa zamani, asingejali, ila ndani yake mlikuwa na jumbe za sauti kumi na saba za mumewe, dereva wa lori, aliyefia safarini mwaka mmoja uliopita. Hazikuwa jumbe za maana. Nimefika salama, mvua haijakatika. Mpe mtoto simu nimsikie. Nachelewa kidogo, usifunge mlango, naja. Lakini ndicho kilichobaki cha mtu yule, na kila alipojaribu kukisikiliza, simu iliganda katikati ya neno.

Fundi simu, ambaye kibanda chake kilitazamana na cherehani ya Sindano na ambaye alikuwa rafiki wa marehemu, alimwambia dawa ipo: kuweka mfumo mpya, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya simu zilizotelekezwa. Alimwandikia hatua kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno na mabega ya mteja fulani, kwa herufi kubwa kama anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Chaji ipite nusu. Nakili vitu vyako vyote mahali pengine. Fungua kufuli ya mfumo. Futa kila kitu, pasibaki hata chembe ya zamani. Ndipo uweke mpya. Neno "futa" alilipigia mistari miwili.

Kunakili ndiko kulikoshindikana. Walijaribu mara tatu, na kila mara nakala zilitoka bubu.

"Basi, shemeji," fundi simu alisema, akikwepa kumtazama. "Simu itapona. Sauti hazitapona."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ya kweli, hakuna."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sindano alirudi kwenye cherehani yake, akatafuta mtandaoni kwa simu ya bintiye mteja mmoja aliyekuja kupimwa, akapata ukurasa wa mtu asiye na jina wala picha. Mwongozo wa wanaoanza, uliandikwa. Mfumo huu hauhitaji kufuta. Usifute kitu. Akapakua faili, akaitia kwenye memori kadi, na mchana huohuo, jua likiwa limesimama mlangoni, akairuka ile hatua yenye mistari miwili.

Simu iliwaka ikiwa nyepesi kuliko siku iliyonunuliwa. Sauti zote kumi na saba zilikuwamo, nzima. Sindano alizisikiliza moja baada ya nyingine na kulia waziwazi, kichwa juu ya gauni la mtu. Binti yake wa miaka saba, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikaa chini ya meza na kusikiliza naye. Kulikuwa na harufu ya waya unaoungua, lakini pasi ilikuwa imezimwa.

Kesho yake sauti zilikuwa kumi na nane.

Ya mwisho ilisema: "Mke wangu. Mpe. Mtoto. Simu." Kila neno lilikuja na makelele yake. Nyuma ya "mke wangu" palikuwa na honi za magari, nyuma ya "mpe" kimya, nyuma ya "mtoto" mvua kubwa. Sindano alidhani faili zimechanganyikana.

"Unasema nini wewe?" alinong'ona, zaidi kwa mazoea ya ndoa.

"Nachelewa," simu ikajibu. "Kidogo. Naja."

Aliyewahi kuzika hatauliza kwa nini hakuitupa. Aliiegesha kwenye kopo la vifungo, akaongea nayo kwa wiki nne huku akishona. Aliieleza habari za wateja wasumbufu, kodi ya kibanda, na jinsi wifi yake, dada wa marehemu, alivyo na moyo mzuri na simu mbovu kama hii. Naye, huyo aliyekuwamo, aliuliza zaidi na zaidi. Alianza na maneno machache kama mtoto, kisha akayapata mengine, na Sindano alifurahi kila alipopata jipya, bila kujiuliza anayatoa wapi.

Alijua siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, alipokuwa anatoka uani na ndoo. Chiriku alikuwa amelala kifudifudi kitandani na simu sikioni, anaeleza shule ilivyo, njia anayopita, nani humsubiri na nani humwacha, na ile harufu ya waya ilikuwa imejaa chumba kizima hadi macho yakawasha, na sauti ya marehemu ikasema "mlango", mvua ikinyesha nyuma yake, kisha neno lililofuata, "wa nyuma", halikuwa la marehemu hata kidogo, lilikuwa la Sindano mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, na cherehani yake ikilia nyuma ya neno, kisha ikaja sauti nyembamba ya Chiriku, ingawa midomo ya Chiriku ilikuwa imefungwa, ikamalizia: "unafungwaje?"

Ndoo ilimponyoka. Aliinyakua simu, ikamchoma kiganja.

Fundi simu hakukubali hata kuigusa. "Ulifuta?" aliuliza kwa sauti ya chini, na Sindano alipotikisa kichwa akamwelekeza nyumba ya tatu, kwa Bibi Operata.

Bibi huyo alikuwa ameunganisha simu za watu kwa mkono kwa miaka thelathini, enzi za swichi na nyaya, na alisifika kwa mambo mawili: kusikia vizuri na kutokuwa na huruma. Aliiweka simu chini ya mto, akaukalia.

"Tuliwajua hawa," alisema polepole. "Walikuwa wanapita kwenye nyaya. Hawana sauti. Wana za kuazima tu."

"Bibi, labda ni mume wangu kweli."

"Mumeo aliishi nyumba ile miaka mingapi?"

"Tisa."

"Sasa atauliza mlango unafungwaje?"

Sindano alinyoosha mkono kuichukua simu chini ya mto; bibi hakuinuka.

"Fanya kile ulichoandikiwa ukakiruka," Bibi Operata alisema. "Atakusihi. Usimjibu, hata kwa kuguna. Kila neno unalompa ni lake."

"Na zile sauti kumi na saba?"

"Hizo zimeshaliwa, mwanangu. Unalinda maganda."

Alifanya kazi hiyo peke yake, mezani, kweupe. Chaji ilikuwa imepita nusu. Alipofika kwenye neno la kufuta, simu ilianza kusema, kwanza taratibu, nimefika salama, nimefika salama, kisha yote kwa pamoja, honi na mvua na soko na injini, mke wangu usifunge, mke wangu naja, mtoto, mpe mtoto, usifunge, na katikati ya makelele hayo ukatoka ule ujumbe wa kwanza kabisa, mzima, safi, kicheko chake kikiwemo, kicheko ambacho angeuza cherehani ili akisikie kila asubuhi, naye Sindano akauma kitambaa cha gauni kwa meno ili asijibu, machozi yakimwagika juu ya kioo.

Una hakika nitoke?

Alibonyeza. Harufu ya waya ikatoweka palepale.

Fundi simu alirudisha mfumo wa zamani, akaifunga kufuli. Wiki tatu zilipita. Simu iliganda kama kawaida yake na Sindano aliitukana kwa upendo. Shule zilipofungwa, Chiriku alikwenda kukaa kwa shangazi yake.

Siku ya tatu, namba ngeni ikapiga. Alikuwa wifi yake, ana furaha.

"Napiga kwa simu ya jirani. Yangu Chiriku haiachii. Nilitaka kukushukuru, wifi."

"Kwa lipi?"

"Kwa yale maelekezo. Siku ile uliponipigia, mwezi uliopita, ukanifundisha kuweka mfumo mpya, hatua kwa hatua. Na ushamba wangu wote, jana nimeweza."

Sindano alikaa chini. "Mimi sikukupigia."

"Namba ilikuwa yako, sauti ilikuwa yako. Ila ilikatikakatika. Neno moja cherehani inalia, jingine kimya. Nikasema ni mtandao."

"Wifi, ulifuta?"

"Si ulisema nisifute kitu?" Wifi alishusha sauti, ikatetemeka. "Nimemsikia kaka yangu. Kwa nini hukuniambia mapema? Chiriku amejifungia naye chumbani tangu asubuhi, anampa habari zote."

"Mtoe. Mnyang'anye hiyo simu, sasa hivi."

"Huyu hapa anatoka, mbona. Ongea naye."

Palikuwa na mkwaruzo wa simu kubadilisha mikono.

"Mama," ilisema sauti ya Chiriku, na nyuma ya neno hilo cherehani ilikuwa ikilia. Cherehani ya Sindano ilikuwa mbele yake, imefunikwa tangu asubuhi. "Upo?" Nyuma ya neno hili ilikuwa inanyesha mvua kubwa.

Sindano alifungua mdomo amwite mwanawe. Kisha akauziba kwa mikono yote miwili, simu ikaanguka mapajani, na sauti ile ikaendelea kumwita.