Sikio Lililoachwa Wazi

Kila akitoka shule, Elinipa alivua sare, akala, kisha akakaa sebuleni kwao Sofu na simu ya mama. Binamu yake Anjela, naye wa darasa la sita kama yeye, aliishi na bibi yao Yosefina kijijini Chole. Walifanya kazi za shule pamoja kwenye ukurasa mmoja wa mtandao. Mmoja akisema, maneno yalijiandika yenyewe, na mwenzake akayaona papo hapo. Insha za Elinipa, Anjela alikuwa akimsomea bibi kwa sauti, maana bibi alizipenda mno.

Siku ya kwanza, ukurasa ule uliomba ruhusa ya kusikiliza: "Mara hii tu" au "Kila mara"? Mama alikwisha kusema, "Mwanangu, simu ikikuomba ruhusa, niite kwanza." Elinipa hakuita mtu. Alibonyeza "Kila mara", basi.

Alasiri moja Anjela alimwandikia, "We mvivu, mistari miwili tu? Hata mbuzi wa bibi angeandika zaidi!"

Elinipa akacheka. Kabla hajajibu, mama alimtuma chumvi dukani. Aliiacha simu mezani, ukurasa uko wazi, unasikiliza.

Aliporudi, alimkuta baba amewahi kutoka kazini. Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

"Kaa, mwanangu," baba alisema. "Mjomba wako Sospeter ametutoka. Amefia hospitalini, Mbeya."

Mjomba Sospeter, aliyemfundisha kuendesha baiskeli! Elinipa alilia mpaka kwikwi ikamshika.

"Bibi anajua?"

"Bado," mama alijibu. "Mzazi hapewi msiba wa mwanawe kwa simu. Tutampitia katekista Hilario wa kanisani, twende tukamkalishe, nimshike mkono, ndipo nimwambie. Presha yake si unaijua?"

Hapohapo simu ikaita. Alikuwa Anjela, analia.

"Mama mdogo! Maneno yamejiandika, 'Sospeter amefariki'. Nikadhani ni insha ya Elinipa, nikamsomea bibi kabla sijafikiri. Bibi ameanguka!"

Chumvi ilimponyoka Elinipa mkononi.

Walimkuta bibi amelazwa zahanati, amezinduka, macho ameyakazia dari. Elinipa alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi niliyeacha simu ikisikiliza. Niliambiwa niulize, sikuuliza. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alimpapasa kichwa. "Mwanangu hakuondoka kwa sababu yako, usijibebeshe hilo. Lakini nyumba ina maneno yake. Mengine ni ya kusemwa taratibu, na mtu wake, kwa wakati wake. Ukifungua sikio la mgeni ndani ya nyumba, usilisahau wazi. Na usipojua linamsikilizia nani, uliza kwanza."

Elinipa alitikisa kichwa kukubali. Mama alitoa simu, akamwonyesha mahali pa kuondoa ruhusa ile. Elinipa akaiondoa kwa kidole chake mwenyewe. Anjela alimsogelea, akamshika bega. Hakuna aliyemtania mwenzake siku hiyo.

Kisha bibi akamgeukia mama.

"Laurensia, binti yangu, sogea. Yale niliyoyasikia yalitoka kwenye simu. Nishike mkono. Sasa niambie wewe."

Mama akaushika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili, akamwambia, taratibu, kana kwamba hakuna aliyekwisha kusema.