Bado Tuko Elfu Nane

Kila Jumamosi Chizuru alifagia jivu. Mlima wa moto ulio ng'ambo ya ghuba ulikuwa haukomi kukohoa, na watu wa mji wa Kagoshima walikwisha kuzoea kufagia jivu lake kila siku. Jumamosi moja asubuhi alikuwa hajamaliza kibaraza cha Setsuko, mama yake mdogo, simu ikalia.

Alikuwa mama, akipiga kutoka kisiwa cha Yoron, alikokwenda na Rintaro, mdogo wake Chizuru, kumtazama bibi. Kidole tumbo cha Rintaro kilikuwa kimepasuka. Ndege ya wagonjwa ingewaleta Kagoshima, na daktari alisema wakichelewa mtoto hatapona.

Setsuko alikuwa mwongoza ndege, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alimpeleka Chizuru kwenye roshani ya uwanja wa ndege, akawasha redio yake ndogo inayonasa mazungumzo ya marubani. Mawingu mazito yalikuwa yameziba anga, na jivu lilikuwa limefunga njia ya mashariki. Ndege zote zilishukia njia moja nyembamba, moja juu ya nyingine.

"Rintaro yuko futi elfu tisa," Setsuko alisema. "Chini yake, elfu nane, kuna ndege ya mizigo. Lazima ziachane futi elfu moja, si pungufu."

Redioni, mwongozaji aliiamuru ndege ya mizigo ishuke hadi elfu saba. "Sawa, nashuka," rubani akajibu.

"Haya! Nafasi hiyo!" Chizuru akaruka. "Sasa Rintaro ashuke!"

Lakini mwongozaji aliiambia ndege ya wagonjwa ingoje. Rubani wake akaomba tena: mgonjwa amezidiwa. "Ngoja kwanza," akajibiwa. Chizuru alishindwa kusimama mahali pamoja.

"Mama mdogo, si wenzako hao? Wapigie basi!"

"Siwezi. Na hata ningekuwa mimi pale, ningemngojesha."

"Mtoto wa dada yako! Mtu amesema anashuka, mnataka aseme nini tena? Nyinyi mnapenda sheria zenu kuliko watu!"

Setsuko hakumkemea. Alikuwa ameshika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. "Amesema anashuka," alisema polepole. "Hajasema ameiacha elfu nane."

Mwongozaji akauliza: "Ndege ya mizigo, umeshaiacha elfu nane?"

Redio ikakoroma. Kisha rubani akajibu: "Bado! Bado tuko elfu nane. Upepo unatusukuma juu."

Chizuru akanyong'onyea. Kama wangemsikiliza yeye, Rintaro na mama wangekuwa wanashuka gizani mwa wingu, juu ya mgongo wa ndege wasiyoiona. Aliogopa mpaka machozi yakamtoka.

Hatimaye redio ikasema: "Tumeiacha elfu nane." Papo hapo ndege ya wagonjwa ikaruhusiwa kushuka. Ilipotokeza chini ya mawingu, gari la wagonjwa lilikuwa tayari linaingoja.

Wakiwa njiani kuelekea hospitali, Chizuru alisema, "Mama mdogo, nisamehe. Nimekutolea maneno mabaya."

"Uliogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini hebu niambie, mama yako akikuita ule, unajibuje?"

"Nakuja."

"Na unakuwa wapi?"

Chizuru akainama. "Kitandani, nasoma vibonzo."

"Mtundu wewe!" Setsuko akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nyumbani, wali unapoa tu. Angani, 'nakuja' kama hiyo ingemuua mdogo wako. Yule rubani hakudanganya. Alikusudia kushuka kweli. Ila kukusudia jambo si kulitenda. Usiseme limekwisha mpaka liwe limekwisha, kwa sababu kuna mtu nyuma yako anayelitegemea neno lako."

Simu ikalia. Alikuwa mama, analia na kucheka. "Wamempeleka kupasuliwa. Daktari anasema amewahiwa, atapona! Niko peke yangu hapa. Mmefika?"

Lango la hospitali lilionekana mbele kabisa, ng'ambo ya taa nyekundu. Neno "ndiyo" lilimfika Chizuru mdomoni, akalimeza.

"Bado, mama. Tuko kwenye taa. Tukifika nitakwambia."