Pembe Ambayo Maika Hakuikagua

Kila asubuhi ya Aprili, kabla ya kwenda shule, Maika Gendron alivaa buti za mpira na kushuka ngazi tatu za chumba kilichokuwa chini ya nyumba yao. Ngazi ya nne ilikuwa ndani ya maji. Theluji ilikuwa ikiyeyuka, Mto Richelieu umefura, na maji yalipenya kwenye kuta za zege kama mwaka jana na mwaka juzi. Maika alisikiliza kama pampu ya kutoa maji inanguruma, akabana pua, akapanda juu kunywa chai.

Mwaka huo baba yake alichoka. Aliamua nyumba nzima iinuliwe mita moja na nusu, na chumba kile kifukiwe kwa kokoto.

Kijiji kizima kilicheka, hasa majirani zao, akina Brodeur. Wao kila kiangazi walipaka kuta za chini rangi ya kuzuia maji, na kila masika rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu.

"Eti mnaivalisha nyumba viatu virefu!" Zakari Brodeur alimwambia Maika kwenye basi la shule. "Mgeni akija mtamrushia kamba?"

"Na nyie mkiogelea sebuleni mtatuita?" Maika alijibu, akageukia dirishani. Hakuna mtu Maika aliyemdharau kama Zakari.

Fundi wa kuinua nyumba alikuwa Bi Rejane Tessier, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka thelathini.

"Nyumba haiinuki mpaka iachane na ardhi," alisema. "Bomba, waya, boliti, vyote vikatwe. Nileteeni orodha. Wenye nyumba ndio wanaojua babu zao walipachika nini."

Alhamisi baba alikagua pande tatu. Upande wa nyuma, chini ya jiko la kiangazi, chumba cha kupikia wakati wa joto kilichoungwa na nyumba, palikuwa na uwazi mwembamba ambao mtu mzima hapiti.

"Maika, ingia wewe. Chukua tochi, angalia mpaka pembeni kabisa."

Maika aliingiza kichwa. Palinuka tope na panya waliooza. "Kazi ya fuko hii," alinong'ona kwa dharau. Alikaa nje dakika kumi akichezea tochi, kisha akaandika kwenye orodha: *Nyuma, hakuna kitu*, akaweka tiki.

Jumamosi mihimili ya chuma ilipitishwa chini ya nyumba na jeki zikawekwa kila pembe. Akina Brodeur walisimama kwenye ua wao na vikombe vya kahawa, kama watu waliokuja kutazama sarakasi.

"Haya, pamoja!" Bi Rejane alipiga kelele. Nyumba ilipanda upana wa kiganja kimoja. Ghafla jiko la kiangazi likalia kwa uchungu, na kioo cha dirisha kikapasuka.

"Simameni!" Bi Rejane aliamuru. "Nani alikagua nyuma?"

"Binti yangu," baba alisema kwa fahari. "Tiki hiyo hapo."

Bi Rejane alikuna kichwa. "Basi ni jeki imechoka. Leteni kubwa zaidi, tusukume."

Zakari alicheka kwa sauti. "Kiatu kimeibana!"

Maika alimtazama baba yake, aliyekuwa bado akitabasamu kwa ajili yake. Wakisukuma, jiko lingeng'oka. Akisema, Zakari angesikia, na Jumatatu darasa zima lingejua.

"Msisukume!" alipaza sauti. "Sikuingia. Nilidanganya."

Tabasamu la baba likazimika. Bi Rejane aliamuru nyumba ishushwe, kisha mafundi wakafungua mbao za sakafu ya jiko kwa juu. Chini yake kulikuwa na mnyororo mnene uliofunga boriti kwenye jiwe kubwa.

"Ni kazi ya babu yangu!" baba alisema. "Aliogopa barafu ya mto isije ikalisukuma jiko."

Mnyororo ulikatwa. Kufikia saa kumi jioni nyumba yote ilikuwa juu ya magogo, imenyooka. Maika alikuwa akifagia vipande vya kioo, hajaambiwa na mtu, pale Bwana Brodeur alipoita kutoka uani:

"Hongera, Gendron! Umemlea mwongo!"

Bi Rejane aligeuka. "Wewe Brodeur, ukuta wako unavuja nawe unaupaka rangi. Kila mwaka unaudanganya, na kila mwaka maji yanakuumbua. Huyu mtoto amedanganya siku mbili tu, akaacha." Bwana Brodeur alitazama kahawa yake, na Zakari akarudi ndani.

Kisha fundi akamwinamia Maika, na uso wake haukuwa na huruma nyingi.

"Usidhani nakusifu. Tiki yako ingewavunjia watu nyumba. Anayechukia uvundo wa panya simdharau, mimi pia nauchukia. Ungesema 'nimeshindwa', ningemtuma mwingine. Mwanangu, kazi usiyoifanya haiondoki kwa kuandika kwamba umeifanya. Inakaa pale pale gizani, imeshikilia, mpaka siku watu wanapojaribu kuinuka."

"Nimeelewa, Bi Rejane."

"Vizuri. Kesho tunakagua mabomba. Utakagua nami, na utaandika kile tu ulichokiona kwa macho yako."