Siku Baba Mdogo Fabiano Alipomtaja Baba Mbele ya Kijiji Kizima

"Huyu kaka yangu ni mnyonyaji! Mchukueni!!"

Jamani... aliyesema hayo hakuwa adui. Alikuwa baba yangu mdogo, Fabiano. Tumbo moja na baba, chungu kimoja tangu utotoni.

Mwaka 1975, kijijini kwetu karibu na Sepuka, Singida. Mimi Marietha nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa chini na wanawake, mdogo wangu mgongoni.

Ninyi vijana mnaonisoma huenda hamjui. Wakati ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na mwenye mali yake binafsi aliitwa kupe.

Na baba yangu, Antipasi, alikuwa na mali.

Yeye na Fabiano ndio walioleta mashine ya kusaga ya kwanza kwetu. Waliishusha kwenye treni Manyoni, wakaipandisha lori. Kabla ya hapo mama zetu walisaga mtama kwa jiwe, wamepiga magoti. Siku ilipowashwa, vigelegele vilizidi mlio wa injini!

Baba akakua. Duka, mashine, watu kumi na wawili wa kazi. Wakulima wakamfanya mwenyekiti wa ushirika wao.

Lakini jua likielekea kuzama, yuko nyumbani. Anatuogesha mwenyewe! Mwanaume wa Kinyaturu, miaka ile, anasugua watoto miguu. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Basi siku hiyo wakaja maofisa wawili na mgambo. Wakaitisha mkutano.

"Mashine hii ni ya nani?"

Watu wakatazama chini.

Ndipo baba mdogo akasimama.

"Ya kaka yangu peke yake. Mimi alinitumikisha tu. Na ninyi wote amewanyonya!"

Nikamtazama baba. Nilitegemea angemrukia.

Alivua kofia yake, akampa mama.

"Antipasi, una la kusema?" afisa mmoja akamuuliza.

"Sina. Amesema kweli."

Wakampandisha kwenye Landrova. Mdogo wangu akawa analia mgongoni, mimi sikulia. Niliona midomo ya watu inacheza, sauti sisikii. Nilienda nyumbani nikachambua mchicha kama siku nyingine yoyote.

Mashine ikawa mali ya kijiji. Na msimamizi wake mpya?

Fabiano!!

Kila Jumamosi alituletea unga. Anauweka mlangoni, anasimama kidogo, anaondoka.

"Rudi na unga wako, Yuda!" nilimpigia kelele, majirani wote wanasikia.

Hakujibu. Hata mara moja.

Nilianza kuwamwagia kuku unga huo. Mama akanishika mkono.

"Usimwage chakula, Marietha."

"Mama, wewe unaweza kula hiki?"

"Naweza."

Na akala. Nikamdharau na yeye.

Baba alirudi baada ya miezi saba. Amekonda, anakohoa. Nikamuuliza, "Baba, utamfanya nini baba mdogo?"

"Nimfanye nini? Ana watoto wa kulisha."

Nikajua ni ule upole wake. Miaka miwili baadaye, wakati wa mavuno, kifua kikamshinda. Baba akafariki.

Makaburini nako sikulia. Watu walikuja hadi kutoka Kilimatinde. Wajane aliokuwa akiwasagia bure walilia kuliko mimi mtoto wake.

Fabiano akasogea, ashike udongo.

Nikamzuia kwa mwili wangu.

"Usiguse! Wewe ulishamzika siku nyingi."

Akashusha mkono.

Mama akanivuta pembeni, mdomo sikioni mwangu.

"Mpishe. Baba yako ndiye aliyemtuma."

"Alimtuma nini?"

"Kumtaja!"

Akaninong'oneza yote palepale.

Asubuhi ya ule mkutano, baba alipata habari kwamba wote wawili watakamatwa. Nyumba mbili, watoto kumi na mmoja. Akamwita mdogo wake, mama akiwepo.

"Simama unitaje wewe kabla hawajatutaja wote. Utabaki."

Fabiano alikataa. Alipiga magoti, akasema heri waende wote.

"Tukienda wote," baba akamuuliza, "nani atalisha hawa?"

Wakakubaliana sisi watoto tusiambiwe, maana mtoto hana kufuli mdomoni. Na hata baba aliporudi, siri ingetoka, Fabiano naye angechukuliwa.

Nikampisha.

Akatupia udongo mara tatu. Mimi nimesimama tu, mikono inaning'inia. Hata aibu haikuja siku ile. Ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na mpaka leo ipo.

Miaka minne ikapita ndipo nikapata miguu ya kwenda kwake. Nilishaolewa, nina mtoto. Nikamkuta uani anabangua karanga.

"Baba mdogo, nilikuita Yuda."

"Uliniita."

"Kwa nini hukunijibu hata siku moja?"

Akapuliza maganda mkononi.

"Mwanangu, wale maofisa hawakuniamini moja kwa moja. Walikuwa wananichunguza. Wakasikia unavyonitukana mlangoni kwenu, mtoto wa kaka yangu mwenyewe. Hapo ndipo wakaamini."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Kila uliponitukana, nilijua watoto watakula."

Ndugu zangu, siwaambii msamehe kila aliyewasaliti. Wapo wasaliti wa kweli. Ila kama kuna mtu ulimfuta moyoni bila kumuuliza ilikuwaje, na bado anapumua, nenda ukamuulize.

Mimi nilichelewa zaidi ya miaka sita. Nashukuru nilimkuta hai.